Gundi Ndani ya Paneli: Kwa Nini Sola Hazifunguki

Paneli ya kawaida ya silikoni, ya aina inayofungwa juu ya mabati kuanzia Webuye hadi viungani mwa Kitale, ina kioo juu, seli katikati na plastiki ngumu nyuma, na vyote hugandishwa kwa EVA, utando wa plastiki ambao kiwandani hupashwa joto la karibu nyuzi 150 hadi ukashikamana na kuwa kitu kimoja kisichoyeyuka tena. Ugandishaji huo ndio unaozikinga seli dhidi ya unyevu kwa miaka zaidi ya 20, na ndio huohuo unaomshinda mrejelezaji. Fremu ya alumini hutoka bila taabu, lakini kioo, ambacho ni kama robo tatu ya uzito wote, husagwa pamoja na silikoni na plastiki, kikashuka daraja, huku chembe za fedha zilizomo katika mistari myembamba ya seli zikipotelea katika unga huo.

Njia nyingine ilikwisha kujaribiwa. Huko Lyon, Ufaransa, kampuni ya Apollon Solar ilibuni muundo uitwao NICE, ambamo seli hupangwa kati ya vioo viwili bila gundi, kingo zikazibwa kwa poliisobutileni, yaani mpira usiopitisha maji, na ndani ikawekwa gesi yenye shinikizo dogo kuliko la hewa ya nje, hivyo hewa yenyewe ikavibana vioo na kuzigusisha seli na vipande vya shaba bila kulehemu. Ukingo ukikatwa, seli hutoka. Bila shaka usalama wote hutegemea ukingo huo mmoja, na hilo si jambo dogo.

Bungoma, magharibi mwa Kenya, ina sura yake. Shirika la One Acre Fund, lililoanzia huko mwaka 2006, lilifikia kuwakopesha wakulima taa za sola pamoja na mbegu na mbolea, na paneli za taa kama hizo, za wati chache tu, mara nyingi hazina hata kioo bali hufunikwa kwa plastiki au utomvu mgumu. Waya ukikatika kwenye kisanduku cha nyaya kilicho nyuma ya paneli, fundi wa redio huhitaji kufungua skrubu, kupima kwa mita na kulehemu upya. Kisanduku kikiwa kimejazwa gundi, hulazimika kukichonga kwa kisu, na paneli nzima huweza kuharibika kwa kosa la waya mmoja. Kwa kuwa kituo cha kurejeleza taka za elektroniki cha WEEE Centre kiko Nairobi, mwendo wa karibu kilomita 400, usanifu wenye faida ya haraka hapa ni ule unaorahisisha ukarabati kabla ya urejelezaji.

Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtwika mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hadi mwisho wa matumizi. Shule au chama cha ushirika kinachonunua paneli leo kidai, kabla ya kutia saini, kisanduku kinachofunguka kwa bisibisi na lebo inayotaja vilivyomo ndani.