Kidole kwenye Mstari wa Tisa

Katika jedwali la t, safu ya asilimia 5 ya mikia miwili huanza na 12.706. Shuka mstari mmoja, unakuta 4.303. Shuka tena: 3.182, kisha 2.776, kisha 2.571. Kuanzia hapo mwendo unapoa. Mstari wa kumi una 2.228, wa ishirini 2.086, wa thelathini 2.042, na chini kabisa, penye ile alama ya nane iliyolala, pameandikwa 1.960. Wanafunzi wengi huipita safu hii mbiombio, wakiwinda namba moja ya kumalizia swali la mtihani. Mimi huwaomba waisome kwanza kwa sauti, kutoka juu hadi chini, maana namba hizo zimebeba somo zima la takwimu: kujua kidogo kuna gharama yake, na gharama hiyo inaweza kupigiwa hesabu.

Aliye na vipimo viwili tu anasimama kwenye mstari wa kwanza. Ili aseme kwa haki kwamba ameona tofauti, wastani wake sharti uwe umeachana na sifuri kwa zaidi ya mara 12.706 ya kosa lake sanifu. Akipata kipimo cha tatu, sharti hilo linaporomoka hadi 4.303. Lakini aliye na vipimo thelathini akiongeza kimoja, anatoka 2.045 kwenda 2.042, tofauti ambayo hata jicho linaweza kuiruka. Mtu aliyewahi kuzunguka na dodoso kijiji kizima, au kungoja mavuno ya kipande kimoja cha shamba la majaribio, anaelewa haraka maana ya kushuka huko. Kipimo cha tatu ni mali. Cha thelathini na moja, ukiwa umeishiwa nauli, unaweza kukiacha.

Jedwali lenyewe lilizaliwa kiwandani. William Sealy Gosset, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1876 na kusoma kemia na hisabati Oxford, aliajiriwa mwaka 1899 na kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin. Kazi yake ilimpeleka kwenye shayiri, kimea na hopsi, na vitu hivyo havikumpa vipimo vingi. Shayiri huvunwa mara moja kwa mwaka, na kila jaribio hula fedha na muda. Wataalamu wakubwa wa takwimu wa wakati ule, Karl Pearson wa London akiwa mbele yao, walikuwa wakifanya kazi na sampuli za mamia na maelfu, na kanuni zao zilitosha huko. Gosset alikuwa na vipimo vinne, vitano, labda kumi, na alikwisha kutambua kwamba mwenye vipimo vinne akitumia kanuni za mwenye vipimo mia nne atajiamini kupita kiasi. Akaenda kukaa katika maabara ya Pearson, University College London, kwa mwaka wa masomo wa 1906 na 1907, na mwaka 1908 makala yake ikatoka katika jarida la Biometrika. Kiwanda hakikuruhusu wafanyakazi wake kuchapisha kwa majina yao, kwa hiyo akatia saini ya "Student". Ndiyo maana hadi leo tunasema t ya Student, na wanafunzi wengi wanadhani huyo ni mtu aliyeitwa hivyo.

Katika makala ile kuna kazi moja ya mikono ambayo naiheshimu kuliko hesabu zake zote. Baada ya kuipata fomula yake, alitaka kuona kama ulimwengu unaifuata. Alichukua vipimo vya wahalifu 3000, urefu wa mwili na urefu wa kidole cha kati cha mkono wa kushoto, vilivyokuwa vimekwisha kuchapishwa katika jarida hilohilo. Viliandikwa kwenye vipande 3000 vya kadibodi, vikachanganywa sana, kisha vikachotwa bila kuchagua na kuorodheshwa kwa mpangilio vilivyotoka. Kila vinne vilivyofuatana vikawa sampuli moja: sampuli 750 za urefu, na 750 za kidole. Kila sampuli ilipigiwa wastani wake, mkengeuko wake, na uwiano wake. Ndipo akalinganisha mgawanyo uliotoka kwenye kadi na ule uliotoka kwenye fomula, na vikakubaliana vizuri. Leo kompyuta hufanya hivyo kufumba na kufumbua. Yeye alikuwa na kadi, kalamu na subira.

Jedwali la kwanza lilikuwa dogo, la sampuli za vipimo vinne hadi kumi, na halikuwa na t bali z, uwiano wa karibu nayo. Kwa miaka mingi wachache sana walilijali. Mwaka 1922 Gosset alimpelekea Ronald Fisher nakala ya majedwali yake, akamwandikia kwamba huenda yeye Fisher ndiye mtu pekee duniani atakayeyatumia. Fisher ndiye aliyelithibitisha wazo lile kwa hesabu kamili, akalipanua hadi t tunayoitumia, na katika kitabu chake cha mwaka 1925 kwa ajili ya watafiti akalipanga jedwali kwa namna inayofanana na zilizoko nyuma ya vitabu vyetu: digrii za uhuru zinashuka upande wa kushoto, 1 hadi 30 na kisha idadi isiyo na mwisho, uwezekano umepangwa juu, na thamani za t zimejaa katikati.

Tulisome basi, kwa mfano ambao Gosset mwenyewe aliutumia na Fisher akaurudia. Wagonjwa kumi walijaribiwa dawa mbili za usingizi, na kwa kila mgonjwa ikaandikwa saa ngapi za usingizi ameongeza kwa dawa ya kwanza na ngapi kwa ya pili. Ukitoa ya kwanza kwenye ya pili, unapata tofauti hizi: 1.2, 2.4, 1.3, 1.3, 0.0, 1.0, 1.8, 0.8, 4.6, 1.4. Wastani wake ni saa 1.58. Mkengeuko sanifu ni 1.23, ukiugawa kwa kipeuo cha pili cha kumi unapata kosa sanifu la 0.389. Gawa 1.58 kwa 0.389, na t ni 4.06.

Sasa kidole kinaingia kazini. Tofauti ni kumi, na moja imekwisha kutumika kupatia wastani, kwa hiyo digrii za uhuru ni tisa. Mstari wa tisa unasomeka hivi katika majedwali mengi ya kisasa: 1.383, 1.833, 2.262, 2.821, 3.250, 4.297. Yetu, 4.06, imeipita 3.250 na haijaifikia 4.297. Ukipanda juu ya safu hizo mbili, kama jedwali ni la mkia mmoja, utaona 0.005 na 0.001. Thamani ya p iko katikati yake. Jedwali halitoi namba ya nyumba. Linakwambia, kama wanavyoelekezana watu mtaani, kwamba unayemtafuta anakaa kati ya msikiti na kisima. Na kwa kazi nyingi, maelekezo hayo yanatosha kabisa kumfikisha mgeni.

Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Vitabu havikubaliani kuhusu vichwa vya safu. 2.262 ileile ya mstari wa tisa, kitabu kimoja kinaiweka chini ya 0.025 na kingine chini ya 0.05, na vyote viko sahihi: cha kwanza kinahesabu mkia mmoja, cha pili mikia yote miwili. Fisher alihesabu miwili. Kama kichwa cha jedwali hakieleweki, au karatasi imefutika, nenda mstari wa mwisho wa safu ya 0.05. Ukikuta 1.960, jedwali ni la mikia miwili. Ukikuta 1.645, ni la mkia mmoja. Ujanja huu mdogo unaokoa watu wengi, na unastahili kufundishwa siku ya kwanza. Katika mfano wetu, swali la haki ni "je, dawa hizi zinatofautiana?", bila kuamua mapema ipi ni bora, kwa hiyo mikia yote miwili inahesabika na mipaka inakuwa maradufu: p ni kubwa kuliko 0.002 na ndogo kuliko 0.01.

Je, p hiyo inasema nini? Inasema kwamba kama dawa zile mbili zingekuwa sawa kabisa, na vipimo vinatawanyika kwa namna tuliyoidhania, t iliyo mbali na sifuri kama hii au zaidi ingetokea kwa nadra sana, chini ya mara moja katika mia. Haisemi kuna uwezekano gani kwamba dawa ni sawa. Gosset mwenyewe, mwaka 1908, aliandika kwamba nafasi ni kama 666 kwa 1 kwamba dawa ya pili ni bora, na leo tusingeruhusu kauli hiyo itoke mdomoni kwa wepesi huo. Lakini hesabu iliyo nyuma yake ni safi. 666 kwa 1 ni kama 0.0015 kwa mkia mmoja. Kompyuta ya leo inatoa 0.0014. Mfanyakazi wa kiwanda cha bia, kwa jedwali alilolipiga mwenyewe, aliikaribia kiasi hicho.

Anayetaka zaidi ya mipaka anaweza kukisia ndani yake, na huku ndiko ufundi ulikojificha. Njia ya kawaida ni kupima t yetu imekwenda sehemu gani ya safari kutoka 3.250 hadi 4.297. Imekwenda karibu 0.774. Ukishuka sehemu hiyohiyo kutoka 0.005 kuelekea 0.001 unapata 0.0019 kwa mkia mmoja, 0.0038 kwa miwili. Jibu la kompyuta kwa mikia miwili ni 0.0028. Kisio limezidi sana, na sababu inaonekana ukiutazama mkia wenyewe: haupungui kwa kiasi kilekile kila hatua, unapungua karibu kwa uwiano. Basi chukua logi za 0.005 na 0.001, tembea sehemu hiyohiyo ya 0.774 katikati ya logi hizo, kisha rudi. Unapata 0.00144 kwa mkia mmoja, 0.0029 kwa miwili. Kwa kitabu, kalamu na jedwali la logi la sekondari umeifikia mashine kwa tofauti isiyo na maana yoyote kwa mgonjwa anayetafuta usingizi. Kila nikiirudia hesabu hii napata furaha ileile.

Kuna pia adabu ya mistari isiyokuwepo. Baada ya 30 majedwali mengi huruka hadi 40, 60, 120. Mwenye digrii 47 afanyeje? Mafundi huchukua mstari wa 40, penye 2.021, badala ya kukimbilia 2.000 ya mstari wa 60. Wanachagua mstari unaodai zaidi, ili wasije wakadai ushahidi ambao hawana. Tofauti ni ndogo, na bado naona tabia hiyo inamfunza mtafiti kijana kuliko mihadhara mingi kuhusu uadilifu.

Siwakatazi wanafunzi programu. Ningekuwa na safu elfu za takwimu za kaya, ningekuwa wa kwanza kuiwasha. Ila programu hupokea namba na kutoa p hata kama swali limepotoka, na kwenye jedwali kupotoka huko kuna mahali pa kuonekana. Rudi kwa wagonjwa wetu. Chukua namba zao zote ishirini, zigawe makundi mawili ya kumikumi, uzichakate kana kwamba waliomeza dawa ya kwanza ni watu wengine kabisa na waliomeza ya pili. Wastani wa kundi moja ni 0.75, wa lingine 2.33, na tofauti bado ni 1.58. Lakini t sasa ni 1.86, kwa sababu watu hutofautiana sana katika usingizi wao, na tofauti hizo za mtu na mtu zimeachwa ziifunike kazi ya dawa. Kompyuta inaandika 0.079 bila kuuliza kitu. Ushahidi uliokuwa chini ya asilimia moja umepanda juu ya asilimia tano, kwa namba zilezile.

Anayetumia jedwali anaweza kukosea vivyo hivyo, sibishi. Tofauti ni kwamba hawezi kuisoma 1.86 kabla hajachagua mstari, na mstari hapewi na mtu. Lazima atoe mbili kwenye ishirini kwa mkono wake, apate 18, ashuke hadi mstari wa kumi na nane, akute 1.734 upande mmoja na 2.101 upande wa pili. Ile 18 inadai watu ishirini. Akiwa ameikumbuka karatasi ya majaribio, yenye majina kumi tu yaliyoandikwa kila moja mbele ya namba mbili, atakuwa na sababu ya kuuliza wale kumi wengine wametoka wapi, na nafasi ya kurudi kwenye mstari wa tisa kabla hajaandika jibu.