Haki ya Kukaa: Makuzi ya Kijana katika Filamu ya Comboio de Sal e Açúcar, kwa Mtazamo wa Pwani ya Rongui

Makala hii inahakiki Comboio de Sal e Açúcar (2016), yaani Treni ya Chumvi na Sukari, filamu ya Msumbiji iliyoongozwa na Licínio Azevedo kutokana na riwaya yake mwenyewe. Baadhi ya wahakiki wameipokea kama filamu ya kikauboi. Swali letu ni hili: utanzu huo unapohamia kaskazini mwa Msumbiji, kijana hukua kwa kutenda nini?

Kwa ulinganishi tunaitumia The Man from Snowy River (1982), hadithi ya makuzi katika milima ya Australia. Humo Jim Craig, aliyefiwa na baba yake, anaambiwa na wakazi wa mlimani kwamba haki ya kuishi huko sharti aistahili. Anaipata kwa kuteremka mteremko mkali juu ya farasi, akiwafuata farasi mwitu. Ardhi ni tuzo ya ujasiri. Hadithi haiulizi waliokuwapo kabla wako wapi.

Azevedo anaipindua kanuni hiyo. Katika vita vya miaka ya 1980, treni inaondoka Nampula kuelekea Malawi ikiwa na wanawake wanaokwenda kubadilishana chumvi kwa sukari. Rosa, muuguzi kijana anayekwenda kuanza kazi, hana mlima wa kuushinda. Tishio linatoka kwa waasi wanaoharibu reli, lakini limo pia ndani ya mabehewa, kwa askari Salomão anayewaonea wanawake aliopaswa kuwalinda. Rosa hakui kwa kutwaa mahali. Anakua kwa kukataa kugeuzwa ngawira.

Hata hivyo, filamu ina dosari ambayo mtafiti wa lugha hawezi kuifumbia macho. Mazungumzo yake yanabebwa na Kireno. Afisa na mchuuzi wanazungumza lugha moja, ilhali katika Nampula ya Kimakua uchaguzi wa lugha hutangaza cheo, hofu na ujirani. Kamera inaona tofauti ya mwenye bunduki na asiyenayo, sikio haliisikii.

Dosari hii ina uzito Rongui na pwani nzima ya Cabo Delgado, ambako Kimwani, jamaa wa karibu wa Kiswahili, ni lugha ya nyumbani ya watu wengi, na ambako vita vilivyoanza Oktoba 2017 vimewang'oa vijana wengi katika makazi yao. Vijana hao hawahitaji kuthibitisha kwamba wanastahili kukaa kwao. Wanahitaji kusikika wakilisema hilo.

Ibara ya 9 ya Katiba ya Msumbiji ya 2004 inalitaka Taifa kuthamini na kukuza lugha zake, na SADC ilikipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2019. Tunapendekeza, basi, fedha za umma za filamu zitenge fungu la kuingiza sauti kwa Kimwani, Kimakua na Kiswahili, na waandishi wa miswada kutoka pwani washirikishwe tangu rasimu ya kwanza. Tafsiri ya baadaye itamwezesha mtazamaji kuelewa. Mswada wa lugha yake utampa mhusika kauli.