Kiasi cha Maji

Wanaosifu mashine ya kumwagilia mimea iliyoundwa nyumbani kwa kompyuta ndogo huanza kwa kusema kwamba inapunguza kazi. Hiyo ndiyo sifa yake dhaifu kuliko zote. Kumwagilia makopo machache ya mchicha barazani ni kazi ya dakika kumi, na mtoto anaiweza. Kuunga nyaya, kuandika programu na kuziba mipira inayovuja ni kazi ya jioni nyingi. Kwa hesabu ya jasho, fundi amekula hasara. Ufundi huu unastahili sifa kwa sababu nyingine: unamlazimisha mtu kutamka waziwazi jambo ambalo mkono wa mkulima hulifanya kimyakimya, yaani udongo umekauka lini, na maji yametosha lini.

Tazama kihisi chenyewe, kile cha bei rahisi chenye vijino viwili vya chuma. Kinapitisha umeme kidogo kwenye udongo, na udongo uliolowa huupitisha vizuri zaidi kuliko mkavu. Kompyuta ndogo ya Arduino, iliyozaliwa Ivrea huko Italia mwaka 2005, huugeuza umeme huo kuwa namba kati ya 0 na 1023. Raspberry Pi, iliyoingia sokoni Uingereza mwaka 2012, ina nguvu zaidi lakini pini zake zinajua mambo mawili tu, umeme upo au haupo, kwa hiyo huhitaji kijichipu cha kuisaidia kusoma. Basi namba imepatikana, tuseme 612. Namba hiyo haina maana yoyote mpaka fundi achukue udongo uleule wa kopo lake, aukaushe na kuupima, kisha aulowanishe mpaka maji yachuruzike chini, aupime tena. Kichanga kitampa jibu lake, mfinyanzi utampa lingine. Hata mbolea ya chumvichumvi huufanya udongo uonekane umelowa kuliko ulivyo. Tena umeme huo wenyewe hukila chuma cha kihisi. Kikiachwa kikiwaka mchana kutwa, baada ya muda vijino vyake huliwa na vipimo huanza kudanganya. Dawa ni kukipa umeme wakati wa kupima tu, kisha kukizima, au kununua kile kisichogusisha chuma na udongo.

Linalofuata ndilo gumu zaidi. Mwanagenzi huweka mpaka mmoja: chini yake pampu iwake, juu yake izime. Matokeo yake pampu huwaka na kuzima ovyo namba inapochezacheza mpakani. Fundi aliyekomaa huweka mipaka miwili, mmoja wa kuanzia na mwingine wa kukomea, na kati yake huacha nafasi. Zaidi ya hapo, maji hayafiki kwenye mizizi papo hapo. Kihisi kitaendelea kulia kiu huku maji yakiwa bado yanateremka, na pampu isiyo na subira itafurisha kopo. Kwa hiyo programu nzuri husukuma maji sekunde tano, huzima, hungoja robo saa, ndipo hupima tena. Na iwapo ndoo ya maji imewekwa juu kuliko kopo, mpira ulioanza kumwaga utaendelea kuvuta maji wenyewe hata pampu ikizimwa. Kompyuta haitajua. Tiba ya hilo haimo kwenye programu kabisa: ishushe ndoo.

Kuna wanaouliza, kwa haki, kwa nini usizike chungu cha udongo kisichopakwa rangi, ukakijaza maji, ukaenda zako. Kitabu cha kilimo cha Fan Shengzhi wa Uchina kilieleza njia hiyo zaidi ya miaka 2000 iliyopita, na inafanya kazi: udongo mkavu huyanyonya maji kupitia kuta za chungu, uliolowa huyaacha. Anayetaka mboga tu na azike chungu, simbishii. Lakini chungu humpa mwenye bustani maji bila kumpa sababu. Mwingine atasema umeme ukikatika mashine inakufa. Ni kweli, ila hapo ndipo ufundi unapojulikana. Relei, yaani swichi ya umeme ambayo kompyuta huitumia kuwasha na kuzima pampu, ina matundu matatu ya waya: la katikati, moja linalounga nalo relei inapopata umeme, na jingine linalounga nalo relei inapoukosa. Ikiwa pampu inatumia betri yake na imeungwa kwenye tundu lisilofaa, kompyuta ikizimika itaanza kumwaga maji mpaka ndoo iishe. Kuchagua tundu ni kuamua mapema msiba upi unavumilika. Mchicha huvumilia kiu ya siku moja. Mizizi iliyozama hukosa hewa na kuoza. Kwa sababu hiyohiyo ndoo ni bora kuliko bomba la mtaa, kwani programu ikipagawa hasara yake haivuki ndoo moja.

Pingamizi zito kuliko haya ni kwamba mashine humtenga mtu na mmea wake. Sioni hivyo. Kukitoa kipimo mkononi na kukiweka nje ni jambo la kale. Nchini Oman maji ya mifereji iitwayo falaj yamegawanywa kwa zamu za muda, mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro Wachaga waligawana kwa zamu maji ya mifongo, yaani mifereji yao. Hakuna aliyedai kwamba zamu hizo ziliwafanya watu hao wawe wageni mashambani mwao. Kompyuta ndogo haioni vidukari chini ya jani wala jani linalogeuka njano kwa kukosa mbolea, kwa hiyo bado lazima mtu apite. Anayepita akiwa na orodha ya vipimo ataona kwamba kopo la ukuta wa magharibi hukauka kabla ya mengine, na atauliza kama ni jua, upepo au mizizi iliyojaa. Na kwa kuwa uamuzi wake umeandikwa, jirani anaweza kuusoma na kumbishia: kwa nini sekunde tano, kwa nini usimwagilie alfajiri badala ya saa saba mchana? Mkono hauulizwi maswali hayo. Programu huulizwa, na mwenyewe hana budi kuitetea au kuibadilisha.