Sentimita moja juu ya jicho

Mtu anadungwa botoksi kati ya nyusi ili kuondoa mikunjo. Baada ya siku kadhaa ukope mmoja unashuka mpaka unakaribia mboni. Lawama ya kwanza huwa ni kwamba dawa ilikuwa feki. Mara nyingi dawa ilikuwa nzima, na kazi yake imeifanya vizuri, ila kwenye msuli usiohusika.

Botoksi ni sumu inayozuia neva kutoa asetilikolini, kemikali inayouamrisha msuli ukaze. Na ilianzia machoni. Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, aliitafiti ili kutibu makengeza, na Marekani ikaiidhinisha mwaka 1989. Ruhusa ya kuondoa mikunjo ilikuja 2002.

Maelekezo ya mtengenezaji wa Botox kwa mikunjo hiyo ni kuchanganya kichupa cha yuniti 100 na mililita 2.5 za maji ya chumvi, kisha kudunga sehemu tano, mililita 0.1 kila moja. Sindano za juu ya nyusi zikae angalau sentimita 1 juu ya ukingo wa mfupa wa jicho. Ukishuka chini ya hapo, au ukimimina maji mengi kupita kiasi, dawa hupenya utando mwembamba na kuufikia msuli unaoinua ukope wa juu. Katika majaribio ya dawa hiyo, kope zilishuka kwa takriban asilimia 3 ya waliodungwa.

Kwenye kona ya nje ya jicho hatari ni nyingine: dawa ikizama ndani humfanya mtu aone vitu viwili viwili. Msuli wa kufumba jicho nao ukilegea mno, jicho halifungi sawasawa na hukauka. Mimi hili ndilo ningeliogopa zaidi, maana kioo cha jicho huchubuka.

Kabla ya kulaumu ukope, inua nyusi kwa kidole. Jicho likifunguka kama kawaida, kilichoshuka ni nyusi, kwa sababu paji limelegezwa mno. Ukope wenyewe ukiwa ndio ulioshuka, matone ya apraklonidini huuinua milimita 1 hadi 2. Dawa ya kuufuta ulegevu huo haipo. Hupungua wenyewe baada ya wiki kadhaa.

Filler, yaani dawa ya kujazia mikunjo, ni habari nyingine kabisa, kwani inaweza kuziba mshipa wa damu wa jicho. Ukidungwa filler na ghafla usione, nenda saa hiyo hiyo hospitali yenye daktari wa macho.