Duara Si Paka: Fani na Maudhui katika Kitabu cha Kuchora

Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Vitabu vya kuwafundisha watoto wadogo kuchora tunavipita tu, kana kwamba havina fani wala maudhui. Mimi nasema vinavyo. Hapa nachukua kimoja: Ed Emberley's Drawing Book of Animals, kilichotoka Marekani mwaka 1970. Emberley hakuwa mchanga katika kazi hii. Mwaka 1968 alikuwa amepata Medali ya Caldecott kwa michoro ya Drummer Hoff.

Tuanze na fani. Mtoto anapewa maumbo machache kama alfabeti: duara, pembetatu, mstatili, herufi, nukta, mikwaruzo. Kisha kila mnyama anajengwa hatua kwa hatua. Mstari mmoja unaonyesha mnyama anavyokua, mwingine unaonyesha umbo linaloongezwa. Maneno ni machache sana, hivyo hata asiyejua kusoma anafuata bila kumsumbua mtu mzima. Hapo, jamani, mwandishi anastahili heko.

Maudhui je? Viktor Lowenfeld, katika Creative and Mental Growth (1947), alikwisha kuvishambulia vitabu vya kupaka rangi. Kwake, mtoto akizoea mchoro wa mtu mzima hupoteza imani na mchoro wake mwenyewe. Hakuwa akimsema Emberley, lakini hoja inamgusa. Mtoto akichora ndege wa kitabuni kila siku, kunguru wa dirishani atamtazama lini?

Sisi wa Kiswahili swali hili si geni kwetu. Ni ndugu wa ule ugomvi wa vina na mizani uliopamba moto miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi (1974). Wapo waliosema bila arudhi hakuna shairi, na wapo walioiona arudhi kuwa pingu. Funzo ninalolipata mimi ni kwamba kanuni peke yake haiui wala haihuishi. Tuangalie inamwachia mtunzi nafasi gani.

Kwa kipimo hicho, Emberley na kitabu cha kupaka rangi si kitu kimoja. Kitabu cha kupaka rangi humwachia mtoto rangi tu. Alfabeti humwachia viungo vya kujengea. Niliwapa wapwa zangu wawili ukurasa mmoja. Wa miaka saba alinakili sawasawa, akasifiwa. Wa miaka mitano alipomaliza, akachora duara dogo ndani ya tumbo la mnyama, akasema, "Huyu ana mtoto." Umbo ni lile lile alilofundishwa, lakini kauli ni yake mwenyewe.

Udhaifu ninaouona ni huu: kitabu humwonyesha mtoto mnyama aliyekwisha kurahisishwa na mtu mwingine, wala hakimtumi kwenda kumtazama mnyama mwenyewe. Hilo ni jukumu la mwalimu. Paka wa maduara akishachorwa, afunge kitabu, awaulize watoto: paka aliyenyeshewa yukoje? Aliyekurupushwa na mbwa je? Hapo duara litalazimika kupinda, na mtoto ataanza kuchora alichokiona.

Mwalimu anayetoa alama kwa waliofanana na kitabu tu anafundisha imla, hafundishi kuchora. Mwenye hoja tofauti na aandike, tubishane.