Mumiani Mpenzi, Msukule Bubu: Uadui na Mapenzi katika Riwaya za Laurell K. Hamilton

Mfasiri atakayetaka kuiweka riwaya ya Guilty Pleasures (1993) katika Kiswahili atakwama mapema, na atakwama juu ya majina mawili tu. Mhusika mkuu, Anita Blake wa mji wa St. Louis, ana kazi mbili. Usiku mmoja hufufua wafu kwa malipo, ili warithi wanaogombea wosia wapate kumsikia marehemu mwenyewe. Usiku mwingine, akiwa na kibali cha serikali, huwaua wafu wa aina nyingine, wale waishio kwa kunyonya damu ya watu. Mfu wa kwanza huitwa zombi, wa pili vampiri. Kiswahili kina neno msukule kwa yule na neno mumiani kwa huyu. Hivyo si kwamba maneno yamekosekana. Tatizo ni kwamba kila moja linaingia katika riwaya likiwa na historia yake, na historia hiyo haipatani na hadithi ya mapenzi inayosimuliwa humo.

Hadithi yenyewe ni ya aina iliyokwisha kuenea sana katika fasihi pendwa ya Marekani: mtu na kiumbe asiye wa kawaida huanza kwa kuwindana, huishia kwa kupendana. Mizizi yake ni ya kale. Katika Ufaransa Madame de Villeneuve alichapisha mwaka 1740 kisa cha msichana na Mnyama, na Madame Leprince de Beaumont akakifupisha mwaka 1756. Kisa hicho ndicho kinachosomwa hadi leo. Lakini Mnyama yule si adui wa kweli. Ni mwana wa mfalme aliyerogwa, na mapenzi yanapomwondolea sura ya kutisha hakuna deni linalobaki. Kadhalika katika Twilight ya Stephenie Meyer (2005) kijana vampiri ana kiu ya damu ya msichana, ila msichana hamchukii hata siku moja. Huko kuna hatari, uadui haupo.

Hamilton alianza mahali pagumu zaidi. Katika dunia aliyoibuni, Mahakama Kuu ya Marekani imewapa vampiri haki za raia: wana biashara, wana kanisa lao, wanashtaki na kushtakiwa. Anita humwua yule tu ambaye amri ya kuuawa kwake imetolewa, na vampiri wenyewe wamempa jina la Mnyongaji. Jean-Claude, mwenye klabu ya usiku, ni mmoja wa wale ambao huenda siku moja jina lake likaandikwa katika amri hiyo. Kwa hiyo pande zote mbili zina damu mkononi, na zote mbili zina sababu. Uadui wao si wa kutoelewana kama ule wa wapenzi wa Jane Austen katika Pride and Prejudice (1813), ambao barua moja inatosha kuutikisa. Hakuna barua iwezayo kumweleza Anita kwamba alikosea kumwona Jean-Claude kuwa mwuaji. Ni mwuaji, naye Anita pia ni mwuaji.

Zaidi ya hayo, Jean-Claude anamkosea yeye mwenyewe. Katika riwaya ya kwanza anamtia alama mbili kati ya nne ambazo humfanya binadamu kuwa mtumishi wa vampiri, wala haombi ridhaa yake. Anita anamwua Nikolaos, bibi mkubwa wa vampiri wa mji, na kwa tendo hilo Jean-Claude ndiye anayerithi enzi. Katika Circus of the Damned (1995) alama zinamtoka Anita, na msomaji angedhani kwamba hesabu imefungwa. Sivyo. Katika The Lunatic Cafe (1996) Anita amekubali kuolewa na Richard, mwalimu wa shule ambaye hugeuka mbwa mwitu mwezi unapokuwa mpevu. Jean-Claude anatoa sharti: ama Anita ampe naye nafasi ya kumposa, ama Richard auawe. Mwaka uliofuata, katika The Killing Dance (1997), Anita anamwona Richard akigeuka na kula nyama ya adui aliyemshinda. Anakimbia kwa hofu, na mlango anaoukimbilia ni wa Jean-Claude. Hapo ndipo mapenzi yao yanapotimia.

Mwandishi anastahili sifa kwa tukio hilo. Hamfanyi Anita kuwa mjinga. Msimulizi ni Anita mwenyewe, katika nafsi ya kwanza, kwa ulimi mkali wenye dhihaka ya riwaya za upelelezi za Kimarekani, naye anajua barabara anamwendea nani. Anachokipenda kwa Jean-Claude ni kwamba hakujificha kamwe kuwa jitu, ilhali Richard alitaka apendwe kama kwamba mbwa mwitu hayumo ndani yake. Hilo ni wazo lenye uzito, na linauweka mfululizo huu juu ya vitabu vingi vilivyouiga.

Hata hivyo kuna hila moja ya msuko ambayo haina budi kutajwa. Kila riwaya humleta mgeni mbaya kuliko Jean-Claude. Kwanza ni Nikolaos, mwenye umbo la mtoto na umri wa miaka elfu, kisha Alejandro, kisha, katika Burnt Offerings (1998), wajumbe wa baraza la vampiri kutoka Ulaya. Mbele ya hao Jean-Claude anaonekana mpole. Hajatubu wala hajalipa, ila mizani imewekewa jiwe zito upande wa pili. Msomaji anamsamehe bila kuombwa msamaha, na sharti lile la 1996 linasahauliwa upesi kuliko inavyostahili.

Lakini swali kubwa zaidi ni jingine. Kwa nini, kati ya wafu wa aina mbili wanaopita mikononi mwa Anita, mmoja ndiye awezaye kuwa adui, na kwa hiyo mpenzi? Adui ni mtu anayejibu. Jean-Claude ana sauti, ana mavazi ya hariri na adabu za makabaila wa Ufaransa, ana mwanasheria. Zombi hana hata kimoja. Anaitwa, anainuka, anajibu alichoulizwa, anarudishwa. Hachukiwi wala hapendwi.

Tofauti hii haikutoka hewani. Wataalamu wengi wamelihusisha neno zonbi la Haiti na lugha za huku: nzambi na nvumbi za Kikongo, nzumbi ya Kimbundu. Lilivuka bahari pamoja na watu waliouzwa Saint-Domingue. Huko maana yake ikawa mtu aliyenyang'anywa nafsi na kufanywa mtumwa hata baada ya kufa, hofu inayoeleweka kabisa kwa watu ambao kifo pekee ndicho kilichokuwa mwisho wa shamba la miwa. Wakati Marekani ilipoikalia Haiti kwa majeshi (1915 hadi 1934), William Seabrook aliandika katika The Magic Island (1929) juu ya wafu wanaofanya kazi ya miwa kwa faida ya bwana wao. Siku walipoonja chumvi walijitambua, wakarudi makaburini mwao wakilia. Kutoka hapo zombi aliingia katika sinema ya Marekani, na kutoka sinema katika riwaya. Msukule wa Tanzania ni ndugu yake kabisa: anadhaniwa amekufa na kuzikwa, kumbe analima usiku shamba la mchawi, bubu.

Chumvi imo pia katika kazi ya Anita. Ila yeye huimwaga anapomaliza shughuli, ili mfu arudi kaburini na mteja aende zake. Kile ambacho katika masimulizi ya Haiti kilikuwa ukombozi wa mtumwa kimekuwa chombo cha mwenye kazi. Huenda mwandishi hakulitambua hilo, na ustadi wa kufufua wafu ameuweka katika ukoo wa Kimeksiko wa mama yake Anita.

Mara moja, lakini, kazi yenyewe inamlazimisha kutambua. The Laughing Corpse (1994), ambayo kwa mapenzi ndiyo hafifu kuliko zote, ndiyo bora kwa fikra. Tajiri mmoja anamwahidi Anita dola milioni moja amfufulie maiti wa karibu miaka mia tatu, kazi isiyowezekana bila kumchinja binadamu. Pembeni yake yuko Dominga Salvador, kuhani wa kike wa vodu, ambaye amegundua namna ya kuifunga roho ndani ya maiti ili mwili usioze, naye yu tayari kuwauza wafu wa namna hiyo kama watumwa wasiochoka, hata kwa matumizi ya kitandani. Anita anayatazama macho ya mmoja wao na kuona kwamba kuna mtu ndani. Kurasa hizo zinatisha kuliko meno yote ya vampiri. Utumwa umerudi, na umemtazama msimulizi usoni.

Kiswahili kingelisema hilo tangu mwanzo. Mumiani, neno lenye asili ya Kiajemi lililotaja dawa nyeusi mfano wa lami, lilikuja kumaanisha pwani na bara mtu anayeua watu kwa ajili ya damu yao. Katika Katanga ya ukoloni walisimuliwa mutumbula, wanaoteka wapita njia usiku kwa ajili ya mabwana Wazungu. Mwanahistoria Luise White amezikusanya habari za aina hii katika Speaking with Vampires (2000), naye anaonyesha jinsi zilivyofungamana na kazi, magari, mishahara na hospitali za ukoloni. Mnyonya damu wa masimulizi hayo haposi. Ana mshahara na ana gari. Anayeyasikiliza hawezi kumwona mumiani upande mmoja na msukule upande mwingine, kama kwamba ni viumbe wa dunia mbili. Wa kwanza ndiye anayefaidi, wa pili ndiye aliyefaidiwa.

Yupo atakayepinga kwamba huku ni kuibebesha riwaya ya kuburudisha mzigo usio wake. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama mwandishi mwenyewe asingeuinua tena mzigo ule. Miaka 21 baada ya The Laughing Corpse, katika Dead Ice (2015), polisi wa Marekani wanamletea Anita filamu za uasherati zilizopigwa kwa maiti za wanawake ambao roho zao zimefungwa ndani ya miili. Anayatambua macho yale. Katika riwaya hiyohiyo Anita na Jean-Claude ni wachumba mbele ya watu wote, na maandalizi ya harusi yanaendelea: nguo, pete, wageni, nani atasimama karibu na nani. Visa viwili vinapita sambamba kitabu kizima, sura ya harusi ikifuatwa na sura ya filamu, wala hapana mhusika hata mmoja anayeuliza kwa nini mfu huyu anaolewa na yule anakodishwa.