Sangara Hana Dhambi: Tukiitazama Upya Filamu ya Mapanki

Filamu ya Hubert Sauper iliyotoka mwaka 2004, ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Jinamizi la Darwin", wengi wetu Tanzania tuliijua kama filamu ya mapanki. Mwaka 2006 ilizua ubishi mkubwa, hata Rais Kikwete akaikemea hadharani. Watu walibishana juu ya silaha, ndege za mizigo na sifa ya Mwanza. Sisi tunauliza swali jingine: Darwin anatafuta nini humo?

Tuliitazama pamoja na wanafunzi wetu wa theolojia. Ilipokwisha, mmoja wao akasema, "Mchungaji, basi ndiyo hivyo. Mkubwa humla mdogo, na Mungu ameruhusu." Hakuwa akibisha, alikuwa amehuzunika. Tukaona kwamba filamu yenyewe ndiyo iliyomfikisha hapo.

Tuitendee haki kwanza. Kamera ya Sauper haigeuzi uso. Yule mama anayesimama kati ya mapanki na funza, huku minofu ikipandishwa ndege kwenda Ulaya, ni jirani yetu, na mahubiri mengi yamempita bila kumwona. Kosa la filamu limo katika mfano wake. Inamfanya sangara kuwa picha ya soko, mlafi mmoja amezaye wote, kisha inambandika jina la Darwin kana kwamba ulafi huo ndio sheria ya uhai.

Darwin hakufundisha hivyo. Uteuzi wa asili ni kazi ya vizazi: katika aina moja ya viumbe, wale ambao maumbile yao yanayafaa mazingira huacha wazao wengi zaidi, na polepole kundi lote hubadilika. Ndivyo furu wa Ziwa Viktoria walivyofikia takribani aina 500, wengine wakila mwani, wengine konokono, wengine wadudu, wengine samaki wenzao. Kila mmoja alikuwa na meza yake.

Sangara alipandikizwa na watu katika miaka ya 1950 na 1960, ili uvuvi ulipe zaidi. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa ziwani, na inakadiriwa kuwa karibu aina 200 za furu zilitoweka. Walaji wa mwani walipungua wakati uleule ambapo udongo na mbolea za mashambani na maji taka ya miji vilikuwa vikiulisha mwani huo. Maji yakachafuka, hewa ikapungua kilindini. Tena sangara ana mafuta mengi, haanikwi juani kama furu. Hukaushwa kwa moshi, na miti ikakatwa kwa ajili ya kuni.

Hata hivyo ziwa lilijibu. Katika miaka ya 1990, sangara walipokuwa wamevuliwa sana, baadhi ya furu walionekana tena. Aina moja ya Ghuba ya Mwanza ilirudi ikiwa na mashavu makubwa zaidi ya kupumulia, na ikila windo kubwa kuliko zamani. Huenda huo ndio uteuzi wa asili. Lakini tusiufanye faraja rahisi, kwa maana aina zilizokwisha hazirudi.

Zaburi ya 104 inawaona wana-simba wakitafuta chakula chao kwa Mungu, wala haiwalaumu. Basi sangara naye hana dhambi. Katika Mwanzo 3 Adamu alimsingizia mkewe, na mkewe akamsingizia nyoka. Jina la filamu hii linatusaidia kumsingizia samaki. Hapo ndipo imani inapoguswa, maana sheria ya maumbile haiwezi kutubu. Kama mateso ya Mwanza ni uteuzi wa asili, hakuna wa kuungama. Kama ni maamuzi ya watu, waliopandikiza, wanaonunua, wanaovua kwa nyavu haramu, na sisi tunaopokea sadaka bila kuuliza ilivyopatikana, basi toba ina pa kuanzia. Luther mwenyewe alizianza hoja zake 95 za mwaka 1517 kwa toba ya maisha yote.

Tulimjibu mwanafunzi wetu hivi: ndiyo, mkubwa humla mdogo, na kwa maelfu ya miaka ziwa liliishi hivyo na likazidi kujaa uhai. Mizani ilivunjwa na mkono, na ni mkono huohuo uliopewa agizo la kulima na kutunza.